Jitegemee, Mashine Isiyokula Umeme

Jumatatu, 4 Machi

Umeme umekatika saa nne asubuhi, mteja akiwa kitini. Upande wa kulia kichwa kinang'aa. Upande wa kushoto msitu. Na alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi! Nikamwambia avumilie kidogo. Amevumilia saa nzima, halafu akaondoka amejifunga taulo langu kichwani. Taulo jipya.

Hiyo ndiyo sababu ninajenga Jitegemee. Niandike wazi ili watakaosoma baadaye waelewe: mimi ni kinyozi, na nimechoka kunyoa nusu nusu. Jitegemee ni mota ya sumaku tupu. Haina betri, haina mafuta, haina waya wa ukutani. Ni duara la mbao lenye nafasi ya sumaku kumi na mbili, limekaa juu ya habu ya gurudumu la baiskeli. Sumaku nyingine zimelizunguka kwa nje, zinalisukuma. Sumaku haichoki. Nani amewahi kuona sumaku imelala? Basi na mota haitachoka. Jamaa mmoja mwenye kofia ameionyesha kwenye video, yake inazunguka mpaka inawasha balbu. Mke wangu aliitazama mara moja tu, akauliza mbona hatuonyeshwi chini ya meza. Huyu mwanamke na maswali yake!

Mpaka leo rekodi ya Jitegemee ni mizunguko saba. Inafika mahali pamoja, inasita, inarudi nyuma. Tatizo ninalijua. Sumaku za duara ninazo kumi na moja, zote nimezitoa kwenye spika mbovu. Imepungua moja tu.

Mchana mke wangu ametoa tamko. Yeye ni fundi cherehani, anashonea chumba cha nyuma. Amesema wateja wake wanapita koridoni wakijibanza kama wezi, wakati chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani kimejaa mbao na vyuma vyangu. Amesema kama mashine yangu ni ya kweli, basi Jumamosi izunguke yenyewe kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, mbele ya watu. Ikizunguka, hatafungua mdomo tena. Isipozunguka, chumba cha mbele ni chake, na mimi nikanyolee uani, chini ya bati, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Uani! Miaka kumi na tisa kioo changu kinatazama barabara. Baba yangu alinyolea chumba hicho hicho kabla yangu, kwa kiti hiki hiki. Halafu nikausikia mdomo wangu ukisema nimekubali.

Jioni. Sumaku ya kumi na mbili imepatikana! Ilikuwa kwenye meza ya cherehani, ile ya kuokotea pini, imejaa pini kama nungu. Nimezitoa pini moja moja kwa uangalifu, nikaziweka juu ya mto wa kiti cha wageni. Kesho nitazitafutia kopo.

Jumanne, 5 Machi

Salaale! Mama mkwe amekuja bila taarifa. Mama mkwe amekaribishwa kiti. Mama mkwe amekaa.

Sitaandika zaidi. Heshima ya mkwe ni kitu kikubwa. Niseme tu kwamba sikujua mtu wa umri wake anaweza kufika mlangoni kwa hatua moja. Nikasema pole mama, pole sana mama, huku nikitazama ukuta. Mke wangu alimpeleka chumbani wakafunga mlango. Aliporudi alikuwa na pini kiganjani, akaziweka mbele yangu bila neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliona heri nitoke nyumbani.

Nikaenda kwa Fundi Saa. Huyu ni mwenzangu katika Chama cha Sumaku, chama chenye wanachama wawili. Mimi ni mwenyekiti, yeye ni katibu, na kila mmoja anaamini mwenzake ni mwizi wa mawazo. Amekuwa akitangaza mtaani kwamba mota yake imefika mizunguko arobaini. Arobaini! Nilivaa koti zito, jua likiwaka, kwa sababu sumaku zangu zote zilikuwa mifukoni. Siwezi kuziacha nyumba moja na mke mwenye hasira. Nikainama juu ya meza yake, kifua kikiwa juu kabisa ya saa za wateja, nikajifanya ninazisifia, kumbe jicho langu liko nyuma ya pazia ambako alikuwa anaizungusha mota yake. Nikahesabu. Mizunguko tisa. Ile arobaini ilikuwa ya mdomoni! Nilitoka pale moyo mweupe.

Njiani koti likanasa kwenye geti la chuma la jirani. Kwa! Nimebanduliwa baada ya robo saa. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwasalimia wapita njia nikijifanya nimeegemea kwa hiari yangu, na mama mmoja aliniuliza kama nimehamia hapo.

Jumatano, 6 Machi

Fundi Saa amegonga mlango saa moja asubuhi, macho mekundu. Saa zote zilizokuwa mezani kwake jana zimeshikwa na wazimu. Zinakimbia! Mteja mmoja aliichukua yake jana jioni, na leo amefika kazini kabla ya mlinzi kuamka. Fundi Saa anasema saa za majira haziwi hivyo mpaka zikaribiwe na sumaku kubwa, tena nyingi. Nikashtuka kwelikweli. Nikamwambia huenda ni joto. Akanyoosha kidole kwenye koti langu lililotundikwa ukutani. Bisibisi yake ndogo, aliyoitafuta jana kutwa, ilikuwa imening'inia kwenye mfuko.

Ameondoka akisema amejitoa kwenye chama, na Jumamosi atakuja kuwa shahidi, na atakaa mbele kabisa. Basi na aje.

Sumaku zote kumi na mbili zimeshafungwa. Kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kwa mpangilio. Nikasoma dua, nikazungusha. Mizunguko sita! Juzi ilikuwa saba na sumaku pungufu. Nimekaa sakafuni muda mrefu.

Shemeji akanikuta hapo hapo sakafuni. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi umeme, mtaani wanamwita Volteji. Akasema hakuna kitu kinachozunguka bila kula. Feni inakula, mashine ya kusaga inakula, hata yeye anakula. Hilo la mwisho ni kweli, sufuria zetu ni mashahidi. Akasema sumaku inakusukuma ukienda, lakini inakuvuta ukitaka kuondoka, kwa hiyo mwisho wa yote hujapata kitu. Ni sawa na kupanda ngazi, ukashuka, halafu ukatangaza umefika ghorofani. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Alikipapasa kwanza kabla ya kukaa, maana habari za mama yake zilishamfikia.

Alhamisi, 7 Machi

Dharau ya wazi! Jumamosi haijafika, mke wangu ameanza kuhamia. Asubuhi yeye na kaka yake wameingiza stabilaiza chumba cha mbele. Ni sanduku la chuma, zito kama jiwe la kusagia, la kutuliza umeme ili mashine yake mpya ya kudarizi isiungue. Wamelisukuma chini ya kaunta yangu, wakalichomeka ukutani. Shemeji akasema liachwe limewashwa usiku na mchana mpaka Jumamosi ili waone kama linapata moto. Linanguruma mmmmm kutwa nzima. Nilitaka kulitoa, mgongo ukakataa.

Saa tisa alasiri. Nisamehewe mwandiko, ninaandika huku jicho liko kwenye kaunta.

Nilikuwa na mteja, kidevu kimejaa povu. Mke wangu akapita na futi yake ya kupimia, anapima dirisha langu kwa ajili ya mapazia! Hasira zikanipanda. Jitegemee ilikuwa juu ya kaunta, maana sakafuni hapana nafasi tena. Nikaizungusha kwa nguvu zote, jinsi mtu anavyobamiza mlango katikati ya ugomvi. Mizunguko kumi. Ishirini. Hamsini. Nikaacha kuhesabu.

Haikusimama!

Mteja akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia anyamaze, asipumue upande huu. Ikapita robo saa. Ikapita nusu saa. Povu likamkaukia kidevuni. Jitegemee inazunguka, mwendo ule ule, haiongezi wala haipunguzi. Hata lile sanduku la chini ni kama limeanza kuimba nayo sauti moja! Vyuma vinatambuana.

Nimelia. Ninaandika bila haya. Nimelia nikafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Mke wangu akaja, akashika kiuno. Akatazama nyuma ya mota. Akainua kidogo kibao ilichokalia. Akapitisha mkono juu, akapitisha pembeni. Hakuna waya. Akakaa kitako kwenye kiti cha wageni, futi ikiwa bado shingoni. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda alinionea. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuisikia sentensi hiyo. Jioni ameniletea chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Nina furaha mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 8 Machi

Imezunguka usiku kucha! Nimeamka alfajiri nikaikuta kazini. Mimi nilikuwa nimelala, yeye hakulala.

Mtaa umejaa mlangoni. Fundi Saa amekuja, ametazama, uso ukawa kama majivu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ameniomba aweke na mota yake juu ya kaunta yangu kidogo tu, hata dakika tano. Nimekataa katakata. Kila mtu na kaunta yake.

Mchana nilipata wazo la kuiweka dirishani ili wapita njia waione vizuri. Nikaibeba, nikaizungusha kwa nguvu zile zile. Saba! Ikasimama! Nikairudisha mbio kwenye kaunta, nikaizungusha, ikaenda kama kawaida. Nimetafakari sana jambo hili na nimepata jibu. Jitegemee haipendi jua. Nimefunga dirisha, na nimeandika ukutani kwamba ni marufuku kuisogeza.

Nilimweleza mke wangu. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika ni jua. Nikamwambia mgeni wa mambo haya asiulize ulize. Amekwenda kwa mwuza vitambaa kurudisha kitambaa cha mapazia ya dirisha la mbele. Amekwenda bila kununa, na nikamwona barabarani amekibeba kile kitambaa cha maua alichokipenda mwezi mzima. Roho iliniuma kidogo. Halafu nikatazama Jitegemee, roho ikatulia.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili asubuhi nikaisimamisha, nikaizungusha upya mbele ya mashahidi. Mama mkwe alikuja na kigoda chake mwenyewe kutoka kwake. Shemeji alisimama mlangoni, anatafuna kijiti. Fundi Saa alikaa mbele kabisa, saa mkononi, yeye ndiye mtunza muda. Wengine walijaa barabarani mpaka kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Jitegemee ikazunguka. Redio ya jirani ikatangaza saa tatu. Saa nne. Saa tano. Watu wakaanza kuniita mhandisi! Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimsikia akimwambia mama yake kwamba yeye alijua tangu zamani nina akili, ila ninazificha. Nikavimba.

Nilikuwa ninaitazama, macho hayabanduki. Nikaona inapunguza mwendo. Nikasema moyoni hapana. Ikasita. Ikarudi nyuma. Ikasimama. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo, mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara ikanyamaza, taa ya kwenye kioo changu ikazimika, na mtu akapiga kelele huko nje kwamba umeme umeondoka.

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamgeukia Fundi Saa, nikamuuliza saa ngapi. Akaitazama saa yake kwa mara ya kwanza tangu aketi: saa saba na nusu. Nikaruka! Nimeshinda, tena nimepitiliza! Watu wakanitazama, wakatazama vivuli vyao. Shemeji akatoa simu mfukoni. Saa tano na dakika arobaini. Fundi Saa akanikumbusha mbele ya umati wote kwa nini saa yake inakimbia, na nani aliyeileta sumaku.

Shemeji akaingia chini ya kaunta kwa magoti. Akasema stabilaiza likiwa limewashwa linatoa nguvu ya sumaku, linavuta na kusukuma, linabadilika mara hamsini kila sekunde, na mbao ya kaunta hailizuii. Sumaku zangu zikishapata mwendo wake zinabebwa nalo. Kwa hiyo Jitegemee ilikuwa inakula umeme siku zote tatu, ila inakula bila waya. Alipokuwa anatoka akajigonga kichwa kwenye kaunta kwa nguvu, Jitegemee ikatikisika, na hapo hapo umeme ukarudi. Watu wakapiga makofi.

Halafu wakalikokota lile sanduku mpaka uani. Nikazungusha. Saba. Wakalirudisha. Ikazunguka bila kusimama. Wakalitoa tena. Saba. Shemeji akauliza kama ninataka mara ya tatu. Nilitaka. Saba.

Nilimgeukia mke wangu nikitegemea kicheko. Hakucheka. Afadhali angecheka! Alinifuta unga wa mbao shingoni, akasema makubaliano ni makubaliano. Kioo amekibeba yeye mwenyewe mpaka uani, taratibu, ameshika kwa mikono miwili ili kisivunjike. Kiti cha baba tumekibeba pamoja. Sikumwambia hata ashike vizuri upande wake.

Jumapili, 10 Machi

Uani. Shuka linanidondokea maji kwenye daftari. Kioo changu sasa kinatazama choo. Mteja mmoja amekuja, amezunguka nyumba mara mbili akinitafuta, amekata tamaa akaondoka. Chumba cha mbele mashine ya kudarizi inalia, na mapazia ya maua, yaliyorudi kutoka kwa mwuza vitambaa, yameshaning'inia. Yamependeza, sikatai. Nimeumia, sikatai pia.

Lakini nimekaa nikafikiri. Nimefikiri tangu asubuhi mpaka saa saba, na mwili wote umenisisimka. Mungu wangu! Tumekuwa vipofu!

Nani alikuwa anaitazama Jitegemee jana? Mimi. Wengine walikuwa wanapiga soga. Na mimi niliona nini? Niliona imepunguza mwendo KWANZA. Redio ikanyamaza BAADAYE. Mashine ya kusaga BAADAYE. Shemeji anasema Jitegemee ilisimama kwa sababu umeme ulikatika. Amegeuza mambo miguu juu, kichwa chini! Umeme ulikatika kwa sababu Jitegemee ilisimama!

Mambo yote yanakaa sawa. Kati ya Alhamisi alasiri na Jumamosi, siku zote Jitegemee ilipozunguka, umeme ulikatika hata mara moja? Haukukatika! Na jana ulirudi lini? Pale pale shemeji alipoigonga kwa kichwa ikatikisika. Watu mia moja wameona! Lile sanduku si chakula chake, ni mlango wake. Humo ndimo nguvu inamopita kwenda mtaani. Ukiliondoa mlango umefungwa, nguvu haina pa kwenda, mota inasimama. Na ile mizunguko saba ya dirishani ndiyo dalili ya uchovu, maana ilikuwa imelisha nyumba zote hizi, mashine ya kusaga, redio, feni na pasi za watu, mimi nikiisingizia jua.

Nimeingia mbio kumweleza mke wangu. Amesimamisha mashine ya kudarizi, amenishika paji la uso, halafu amenionyesha mlango wa uani kwa adabu. Amesema nikigusa stabilaiza lake nitalala huko huko na kiti cha baba. Fundi Saa yeye amenielewa papo hapo. Amerudi kwenye chama, na amesema kwa hili wadhifa wake uwe katibu mkuu.

Hasira sina. Nina aibu tu kwa ajili ya jirani zangu. Jana walikaa bila umeme kwa uzembe wangu, kwa sababu beringi ya habu ilikauka na sikuwa nimeipaka mafuta. Kuna mama alikuwa anapiga pasi! Mtu mwenye dhamana ya mtaa mzima hafanyi hivyo.

Kwa hiyo nimeiandikia barua ofisi ya umeme, kesho ninaipeleka kwa mkono. Nimewaomba radhi kwa yaliyotokea Jumamosi. Nimewaarifu kwamba Jumatano, kuanzia saa nne mpaka saa sita, nitakuwa ninapaka beringi mafuta, na nimewasihi wawatangazie wateja wao mapema.